Ruhusa za Folda Zinapokatika Urithi Ndani ya Cygwin

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikinakili faili za kazi kutoka seva ya Linux hadi folda ya pamoja kwenye Windows kwa kutumia rsync (programu ya kunakili faili) ya Cygwin, mazingira yanayowezesha programu za aina ya Unix kufanya kazi ndani ya Windows, na kila mara mwenzangu alinijia na lalamiko lile lile: faili anaiona, lakini akiibofya anaambiwa hana ruhusa. Folda yenyewe nilikuwa nimeipanga vizuri, kundi letu zima likiwa na haki ya kusoma na kuandika.

Nilipoikagua faili mojawapo kwa icacls, amri ya Windows ya kuonyesha na kubadili ruhusa, nilipata jibu. Ruhusa iliyorithiwa huonyeshwa kwa alama (I), na pale hapakuwa na alama hiyo hata moja. Kwenye diski ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows), faili mpya hurithi ruhusa za folda iliyomo. Cygwin, kwa kuwa inafuata utaratibu wa Unix wa mwenye faili, kundi lake na watu wengine, huiandikia faili orodha yake yenyewe, na rsync -a huongezea kwa kubeba ruhusa za kule ilikotoka.

Dawa yake ni mstari mmoja ndani ya /etc/fstab, faili ya mipangilio ya diski ya Cygwin. Neno noacl huiambia Cygwin isiandike orodha yake ya ruhusa kwenye diski za Windows, ambazo huonekana chini ya /cygdrive:

none /cygdrive cygdrive binary,noacl,posix=0,user 0 0

Funga programu zote za Cygwin kisha uzifungue upya, kwani mstari huo husomwa programu ya kwanza inapoanza. Faili zilizokwisha kuharibika hurekebishwa hivi (D:\Kazi ndiyo folda ya pamoja):

icacls "D:\Kazi\*" /reset /T /C

Nakusihi usiisahau ile nyota, kwa sababu ukiitaja folda ya juu peke yake, ruhusa ulizoipa kwa mkono nazo zitafutwa.

Neno noacl lina gharama yake: chmod, amri ya Unix ya kubadili ruhusa, hubaki na uwezo wa kuwasha au kuzima alama ya kusomeka tu, basi. Ndiyo maana sikuliweka kwenye mzizi wa Cygwin, maana funguo za ssh (programu ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa usalama) zilizomo /home zinahitaji ruhusa ya 600 iliyo ya kweli, yaani mwenye faili peke yake ndiye asome na kuandika, la sivyo ssh huzikataa.

Jihadhari pia na mv, amri ya kuhamisha faili. Faili ikihamishwa ndani ya diski ile ile huondoka na ruhusa zake za zamani, kwa hiyo nikitoa kitu /home kwenda folda ya pamoja, hukinakili kwa cp (amri ya kunakili), kisha nikafuta cha awali.