Glavu kwenye Rola

Mkanda wa kufungashia ulikwama saa kumi alfajiri na dakika chache. Katoni ilianguka ubavu, ikajibana kati ya mkanda na rola ya mwisho. Utaratibu ulibandikwa palepale juu ya swichi: bonyeza kitufe chekundu, zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli lako, ufunguo weka mfukoni, jaribu kuwasha uhakikishe mashine haiitiki, ndipo uchomoe kilichokwama. Kijana aliyekuwa hapo ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni hatua hizo. Usiku ule aliinama tu, akapeleka mkono. Rola ikanasa ncha ya glavu. Mwenzake wa upande wa pili akavuta kamba ya dharura, mkanda ukasimama, mkono ukatoka na michubuko vidole viwili. Glavu ilibaki humo, imeviringika kama uzi kwenye kigurudumu.

Nilikuwa msimamizi wa zamu. Nilipomuuliza ilikuwaje, alisema hakumbuki kuinama. Nilimwamini. Mtu aliyechoka hupitiwa na usingizi wa sekunde chache macho yakiwa wazi, na mikono huendelea na ilichozoea. Mkono wa mfungashaji umezoea kuchomoa. Kufunga kufuli kunataka akili iliyo macho.

Asubuhi fomu ya tukio ilikuja imeshajazwa: chanzo, uzembe. Sikuitia sahihi. Tulifungua daftari la mahudhurio. Ulikuwa usiku wake wa sita mfululizo, kila zamu masaa 12, kwa sababu mwenzake alikuwa mgonjwa na ovataimu ikaangukia kwake. Alitoka saa moja asubuhi, akalala saa mbili, joto na kelele za mchana zikamwamsha saa tano. Kufikia saa kumi alfajiri alikuwa macho kwa saa 17. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa mtu wa hali hiyo hutenda kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Mlevi tungemrudisha getini.

Mengine tuliyaona kwa kusimama pale mahali pake. Alikuwa ananyanyua katoni na wakati huohuo anakagua lebo, kazi ya mtu mwingine. Jicho linalosubiri kasoro ya nadra huanza kulegea baada ya nusu saa hivi. Tanuri la kubana plastiki lilikuwa linampulizia joto mgongoni, na maji yalikuwa mwisho wa ukumbi. Penye joto la namna hiyo mtu anahitaji kikombe cha mililita 250 kila dakika 15 hadi 20. Yeye hakuweza kuondoka mpaka apate wa kumshikia nafasi, basi alikaa na kiu. Kiu ikizidi, kichwa kinauma na umakini unapotea.

Wavu wa kukinga rola ulifungwa wiki ileile, na ndio ulistahili kutangulia, maana unamlinda hata anayesinzia. Jedwali la zamu lilileta ubishi mrefu zaidi. Tulitaka zamu za usiku zisizidi tatu mfululizo, na mzunguko uende asubuhi, mchana, kisha usiku, kwa kuwa mwili huona nafuu kuchelewesha usingizi kuliko kuuwahisha. Tulitaka pia dakika 20 za kulala saa nane usiku. Zikizidi sana, mtu huzama usingizini na kuamka mzito kuliko alivyolala, kwa hiyo baada ya kuamka apewe dakika kumi kabla ya kugusa mashine. Kahawa inywewe kabla ya kujilaza, kwani huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Ya saa kumi na moja alfajiri iachwe, kwa sababu saa tano baadaye karibu nusu yake bado iko mwilini, na usingizi wa mchana unaharibika.

Ofisi iliona dakika 20 hizo ni kulipia watu walale. Tukawaomba wahesabu katoni zilizofungwa vibaya kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Wakahesabu, wakakubali kujaribu kwenye mkanda mmoja. Kwenye fomu, mahali pa chanzo, pakaandikwa upya: zamu sita mfululizo, rola haina kinga.