Breki za Land Cruiser chini ya Land Rover 109: nilivyozipanga

Aliyewahi kuendesha Land Rover 109 ya zamani milimani anaijua tabia ya breki zake za mbele: gari likienda mbele zinashika vizuri, likirudi nyuma zinakusaliti. Injini ikazimika katikati ya kilima, gari likaanza kurudi kinyumenyume, unakanyaga hadi unainuka kwenye kiti na bado linaserereka. Breki hazijafa. Kila drami ya mbele (bakuli la chuma linalozunguka na tairi), ya inchi 11, ina wili silinda mbili, na breki shuu zote mbili zinazosukumwa nazo kusugua drami kwa ndani zimekaa kwa namna ambayo mzunguko wa tairi unazivuta zizidi kujibana. Tairi likizunguka kinyume, msaada huo unageuka kuwa kizuizi. Mtu wa lami anaweza kumaliza miaka asilione hilo. Mimi napanda makorongo ya kuelekea Ziwa Natron na mawe ya upande wa Monduli, nami nililiona mapema.

Nilipomweleza fundi wangu wa Unga Limited hapa Arusha, mzee aliyezeekea kwenye Land Rover, alicheka. "Kijana, hizo breki hazina kosa. Wewe ndiye unapanda njia za mbuzi." Lakini aliikubali kazi.

Gari ni Series III ya bodi ndefu. Injini ya petroli ilishatoka, ikaingia dizeli ya Toyota, aina ya 3L; gia boksi imebaki ya Land Rover. Kwa breki kulikuwa na njia tatu: kufufua drami zilizopo, kuagiza Uingereza seti ya diski iliyotengenezwa kwa ajili ya Series, au kuvua difu zote mbili, yaani ekseli nzima ya mbele na ya nyuma, na kuweka za Land Cruiser 60, zenye diski mbele na drami nyuma. Seti ya Uingereza ni nzuri, ila siku kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, ikigoma ukiwa porini, utasubiri mzigo. Pedi za Land Cruiser nazipata mpaka Karatu. Nikachukua difu. Habari ya kuchomelea upya vikalio vya springi na kurefusha propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, niiache, maana hiyo ni kazi ya welda na haina siri.

Siri iko kwenye breki zenyewe, na hapa nilikuwa mkaidi: kila kinachoguswa na mafuta ya breki kitoke kwenye gari moja. Masta silinda inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, busta inayoongeza nguvu ya mguu, vali ya nyuma, hosi, vyote vya Land Cruiser 60. Mafundi wengi wangeacha masta ya Land Rover kwa sababu "inafanya kazi". Inafanya kazi na drami. Masta nyingi za mfumo wa drami pande zote zina kivali kinachobakiza presha kidogo kwenye bomba hata ukiachia pedali, ili mipira ya wili silinda isinyonye hewa. Presha hiyo kwenye diski inazifanya pedi zibaki zikisugua, nawe unashangaa rimu zinaunguza mkono na mafuta ya dizeli yanaisha haraka. Pia kuna upana wa masta. Kalipa zinataka mafuta mengi kuliko wili silinda. Masta nyembamba itakupa pedali laini inayozama karibu na sakafu, na pana kupita kiasi itakupa pedali ngumu kama jiwe, gari lisisimame. Toyota walishapiga hesabu hiyo, sikuona sababu ya kuipiga upya.

Mabomba ndiyo yaliyotugombanisha kidogo. Mzee alileta bomba la shaba, lile la mafundi friji, kwa kuwa linakunjika kirahisi. Shaba tupu ikitikiswa kila siku inakakamaa halafu inapasuka, na barabara zetu ni za kutikisa. Nilitafuta bomba la shaba iliyochanganywa na nikeli, linakunjika karibu vile vile lakini linavumilia. Kisha zikaja nati. Za Toyota ni milimita 10, uzi wa milimita 1. Kwenye kopo la nati za zamani za Land Rover kulikuwa na za inchi 3/8, ambazo ukizitazama kwa macho unaapa ni zile zile. Nati ya 3/8 inaingia kwenye tundu la milimita 10, inazunguka, hata inajifanya imekaza. Inashikilia kwa ncha za uzi tu. Siku utakayokanyaga kwa nguvu zako zote ndiyo siku itakayochomoka. Kopo lile tuliliondoa kabisa mezani.

Hosi za tairi tulizipima gari likiwa limeinuliwa kwa chesisi, tairi zikining'inia mpaka mwisho wa springi, usukani umekatwa kulia kabisa, kisha kushoto. Zilizokuja na difu zilikuwa zimevutika kama uzi wa nguo, kwa hiyo tukaweka ndefu zaidi.

Sasa vali ya nyuma, ambayo watu huivua na kuitupa. Imefungwa kwenye chesisi, na fimbo yake imeshikana na difu. Ukipakia mzigo, chesisi inashuka, fimbo inaisukuma vali, na presha ya breki za nyuma inaongezeka. Gari likiwa tupu presha inapungua, ili tairi za nyuma zisijifunge kabla ya za mbele. Tatizo ni kwamba gari langu limeinuliwa kwa springi. Kwa vali hiyo, gari lililoinuliwa ni gari tupu siku zote, hata ukipakia maji, mahema na watu sita. Breki za nyuma zinabaki na kazi ndogo na za mbele zinabebeshwa zote. Dawa ni kipande cha chuma kwenye difu kinachopandisha sehemu ya kushikia fimbo kwa urefu ule ule ulioongeza chini ya chesisi. Kazi ya saa chache, na kwangu ndiyo iliyobadilisha gari kuliko diski zenyewe.

Busta ya dizeli haipati mvuto kutoka kwenye injini kama ya petroli, inahitaji pampu. 3L inayo nyuma ya altaneta, kwa hiyo ni hosi moja na kivali cha kuzuia hewa isirudi. Kuijaribu ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, pampu pedali mpaka iwe ngumu, ushikilie mguu, uwashe. Pedali ikishuka kidogo, busta ni nzima.

Tuliweka mafuta ya DOT 4, ambayo yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Kwa DOT 3 kiwango hicho ni 205. Yote yananyonya unyevu wa hewani na kushuka nguvu, ndiyo maana sinunui kopo lililofunguliwa. Kutoa upepo tulianza tairi la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta, tukaja mbele, na ile vali ya nyuma tukaitolea kwenye nipo yake yenyewe, ile skrubu ya kutolea upepo.

Majaribio tulifanya kwenye barabara ya changarawe iliyonyooka, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mzee akiwa amesimama pembeni akiangalia tairi. Gari tupu kwanza, halafu na magunia ya mchanga. Tulichotaka ni tairi za mbele zijifunge mwanzo na za nyuma ziendelee kuzunguka kidogo, kwa sababu za nyuma zikitangulia, mkia unakuja mbele. Tulirekebisha fimbo mpaka alama kwenye changarawe zikanyooka. Baada ya hapo nikapeleka gari Karatu na kushuka nalo ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, gia ya tatu, breki kwa vipindi. Pedali ilibaki pale pale juu hadi chini.

Breki ya mkono niliiacha ya Land Rover, ile drami iliyo nyuma ya gia boksi na inayokamata propela. Inashika gari kwenye mteremko mkali kuliko yoyote ya nyaya niliyowahi kutumia. Haivutwi gari likiwa mwendoni, itavunja ekseli. Na ukipiga jeki tairi moja la nyuma usiitegemee: difu inaruhusu tairi lililo hewani lizunguke, na gari zima linaondoka. Mawe mawili yanakaa nyuma ya kiti changu.