Simu za Krismasi

Moshi, Jumapili jioni

Kila Januari, watoto wakisharudi Dar, kibandani kwangu huanza kuletwa simu mpya. Si mbovu. Nyingi bado zina ile nailoni ya kiooni, na zimekuja na boksi lake, ndani ya mfuko mmoja na maparachichi ya kwenda kuuza Mbuyuni. Mwenye nayo ni bibi au babu aliyeshuka na daladala kutoka Kibosho, Uru au Old Moshi, na shida yake ni moja: "Mwanangu, nirudishie laini yangu kwenye kitochi."

Narudisha. Laini ikishakatwa ikawa ndogo haikai kwenye kitochi bila kile kifremu cha plastiki, kwa hiyo mwezi huo vifremu navyo vinatoka. Haupiti muda mtoto anapiga kutoka Dar kuuliza mbona mama hapatikani WhatsApp. Nikimweleza, jibu huwa lilelile: wazee wetu hawa, dada, hawataki kubadilika.

Mimi ni wakala wa miamala. Nimekaa hapa muda wa kutosha kuwatambua wateja kwa sauti kabla sijainua kichwa, na hiyo kauli imenichosha. Waliobadilika kuliko wote mjini hapa ni haohao. Chukua mtu aliyezaliwa mlimani miaka ya hamsini. Ameteka maji mferejini hadi bomba likamfikia. Ameuza kahawa kwa stakabadhi za chama cha msingi, zile anazozitunza mpaka leo kwenye sanduku la bati, kisha akaambiwa afungue akaunti. Hela ya watoto ameipokea kwa posta, kwa kondakta wa basi, na M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 akaipokea kwa simu. Sisi tuliokuta kila kitu kipo ndio tunamwita mgumu.

Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, hupenda kunisimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Radio Tanzania ilirusha vipindi, na watu wapatao milioni mbili nchi nzima wakajiunga na vikundi vya kusikiliza. Kikundi chao kilikuwa na redio moja ya betri, vijitabu, na kiongozi wa kuanzisha mazungumzo. Kipindi kikiisha wanajadili, wakimaliza wanakwenda kuchimba choo au kufukia dimbwi. "Tulikuwa tunabishana na redio," anasema, na ukimtazama unaona bado ana hamu ya kubishana nayo. Wengi katika kikundi kile ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza kusoma. Hakuna aliyewaita wagumu.

Au tuache historia, tuje kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mwaka 2024 mita zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba. Sababu yenyewe inachekesha: mfumo unaotumiwa na mita hizi duniani huhesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inakaribia kujaa. Mita nayo ilikuwa imezeeka. Basi ulipokuwa ukinunua umeme ulipewa makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini, ukayaingiza kwa mfuatano, mawili ya kuboresha na moja la uniti. Vijana walikuja kibandani wamenuna, wameruka kundi la kwanza, mita imegoma, wanataka niwape nyingine. Bibi mmoja wa Kibosho alinunua kwangu, akaniomba nimwandikie zote kwa kalamu kwenye karatasi, nne nne, kwa maandishi makubwa. Aliporudi sokoni alinieleza walivyofanya: mjukuu mmoja anasoma, mwingine anabonyeza, yeye anafuatisha kwa kidole kwenye karatasi. Tarakimu sitini, wakapita mara moja.

Sasa mtu wa namna hiyo anashindwaje na simu ya kupangusa? Hashindwi. Kuna kitu kingine kinachomkera, na mimi nimekiona dirishani.

Anafika, foleni iko nyuma yake, ananikabidhi simu na kutangaza kwa sauti inayofika hadi kwa muuza ndizi: "Nitolee elfu ishirini, mwanangu, namba yangu ya siri ni..." Namkatiza. "Bibi, usiitaje!" Uso unabadilika. Kwa akili yangu ya kazi nimemlinda. Kwa akili yake nimemwambia kwamba mimi si wa kuaminiwa, na kwamba hawa waliosimama nyuma, ambao wengine anawajua hadi mama zao, ni wezi. Mmoja aliniuliza bila kupindisha: "Kwani wewe unataka kuniibia?"

Kwa wazee hawa jambo la haki hufanyika mbele za watu. Mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, unaonyeshwa majirani wakiwepo, unapandwa masale, na mtoto anashikwa mkono auone. Hela ya kikundi inahesabiwa mezani, kila mtu anatazama, kisha inafungiwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinagawanywa kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Anayehangaika na hela pembeni, kwa kificho, ndiye wa kutiliwa shaka. Halafu anakuja kijana na fulana ya kampuni kumwambia kinyume chake: usalama wako ni kuficha, ufiche hata kwa mwanao. Hapo ndipo kitochi kinaporudi. Kitochi anakijua, salio analisikia likisomwa na mtu aliye mbele yake, meseji anampa jirani amsomee.

Ndiyo maana kundi la ukoo la WhatsApp wanalipenda, wale wachache waliobaki na simu kubwa. Kuna mzee wa Uru asiyetaka kusikia habari ya kuweka akiba kwenye simu, lakini mchango wa msiba ukitangazwa anakuwa wa kwanza kufika kwangu. Anatuma, kisha anasubiri palepale mweka hazina aibandike orodha upya, jina lake likiwa na kiasi pembeni. Ananigeuzia simu nione. Kwake muamala unaisha hapo, baada ya watu kuuona. Ile meseji ya "umefanikiwa kutuma" haimwambii kitu.

Na wakikataa kwa sababu ya hela, wanakataa kwa hesabu. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala, wazee ndio waliokuwa wa kwanza kurudi kwa kondakta. Kamisheni yangu iliporomoka. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, vijana wakarudi taratibu, wazee wakangoja waone kama imepungua kweli. Sikuwalaumu, ingawa siku hizo nilikuwa na mdomo mrefu.

Hata matapeli hawawapati kirahisi kama tunavyodhani. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" nimeona ikimliza dereva bodaboda kijana kabisa. Mwalimu wangu mstaafu akiipata anampigia kwanza mtu anayemdai, anamuuliza hali ya nyumbani, hali ya mifugo, kisha ndipo anauliza kuhusu namba. Nilimfundisha kuzipeleka meseji hizo 15040, namba ya kuripoti matapeli. Sasa anazipeleka kwa furaha ya mwalimu anayesahihisha mitihani.

Lakini macho ya watu nayo yana mwisho wake, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Mwisho wa mwaka 2019 hadi tarehe 20 Januari 2020 tulikuwa kwenye ile pilikapilika ya kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Wazee walipata shida ambayo watu wa mjini hawakuitarajia: mashine haikuwasoma. Kidole gumba hakisomi, cha shahada hakisomi, tunajaribu mkono wa pili, tunafuta kwa kitambaa, tunapaka mafuta kidogo, hakuna. Miaka ya jembe, ya kumenya ndizi mbichi, ya kuchuma kahawa, imelainisha ngozi yote. Bibi mmoja aliitazama mikono yake akasema, "Jembe limekula." Tukacheka wote. Kwa kuwa muda unakwisha na hela ya watoto inaingia kwenye namba ileile, njia iliyopatikana nyumbani ni kusajili laini kwa jina la mjukuu.

Miaka imepita. Wiki hii bibi huyohuyo amekuja kutoa hela aliyotumiwa na binti yake aliyeko Mwanza. Elfu hamsini. Kwenye simu salio ni elfu kumi na kitu. Nikaisoma meseji, nikairudia. Hela imeingia, na mfumo umekata deni la mkopo wa simu. Bibi hajawahi kukopa kwenye simu. Hajui hata kama simu inakopesha.

Sikujua nianze vipi. Nikaomba wateja wasogee kidogo, na hapo hapo nikaona nimefanya kilekile, nimemvuta pembeni kama mwenye kificho. Nikamweleza. Hakupandisha sauti. Aliuliza, "Namba ya siri anayo nani?" akajijibu mwenyewe, kwa sababu aliyemwandikia kwenye karatasi siku ile ni huyo mjukuu, na laini ni ya jina lake. Ukibonyeza *106#, ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho, ukaweka cha kijana, namba ya bibi inahesabiwa kuwa ya kijana. Bibi akienda kulalamika huduma kwa wateja, ataulizwa yeye ni nani.

Nilitegemea aniambie nirudishe hela ziwe zinakuja kwa basi. Badala yake akasimama, mkono kwenye kaunta, akaniuliza: "Kwa nini hili lisanduku lenu lina kufuli moja tu?"

Nikamuuliza bibi ana maana gani.

"Kikundini tuna kufuli tatu. Mwenye ufunguo mmoja hafungui kitu. Hapa mtu akijua namba amefungua yote. Wangeweka la pili, akae nalo binti yangu huko Mwanza. Mimi nikitaka kutoa, naye anakubali. Kijana akitaka kuiba, itabidi atupate wote wawili."

Nimefanya kazi hii miaka yote sijawahi kuwaza hivyo. Nikamwambia kwamba kwa mtu mmoja mmoja sijaona, ila kwa vikundi ipo M-Koba, hela za kikundi zinakaa kwenye simu na kiongozi mmoja hawezi kuzitoa peke yake, mpaka wenzake waidhinishe kila mmoja kwa simu yake.

Alinitazama kama mtu aliyegundua amekuwa akiuziwa ndizi mbovu huku nzuri zikiwa nyuma ya kaunta. "Kumbe wanaweza," akasema. "Sasa mbona hawakuanza na hiyo?"

Kijana alipigiwa simu palepale, kwa spika, foleni nzima ikisikiliza. Bibi ndiye aliyetaka iwe hivyo. Deni lililobaki amekubali kulilipa mwisho wa mwezi, na walioshuhudia ni pamoja na muuza ndizi, ambaye nina hakika atamkumbusha.

Kikundi chao sasa kinataka M-Koba. Wanakuja Alhamisi, siyo wawakilishi, wote, kwa sababu wanataka kuona kwa macho yao nani anashika nini. Tatizo nimeshaliona: mwenyekiti na mweka hazina, laini zao zimesajiliwa kwa majina ya watoto. Nimewaambia waje na vitambulisho, tujaribu vidole upya, na wale watoto waje nao.