Mgeuza Kurasa

Mwalimu wangu wa piano alisema kazi yenyewe ni ndogo: kaa kushoto kwangu, nikitikisa kichwa inuka, geuza, kaa. Nilikuwa na miaka 17, nasoma nota kiasi cha kujiona najua. Nikakubali bila kuuliza swali hata moja.

Usiku ule ukumbi wa jumuiya ulikuwa na vipindi viwili, muziki wa chemba kwanza, yaani wa wapigaji wachache, halafu jazi. Aliyeviunganisha alikuwa mpiga besi. Kwinteti nyingi za piano, yaani vipande vya wapigaji watano, zina fidla mbili, viola na selo, lakini ile ya mtunzi Schubert ya mwaka 1819 ina fidla moja tu, na nafasi iliyobaki amepewa besi kubwa. Ndiyo ile ya samaki, maana sehemu yake ya nne imejengwa juu ya wimbo wa Schubert mwenyewe kuhusu samaki. Aliyeomba itungwe alikuwa mpiga selo wa ridhaa, mtu wa kupiga na marafiki nyumbani. Nadhani ndiyo maana ilitukaa vizuri.

Sehemu mbili za mwanzo nilizimudu. Unainuka taratibu, mkono wa kushoto unapita juu ya nota usimzibe mpigaji, unaibana pembe ya ukurasa kwa vidole viwili na kusubiri. Kidole changu kilikuwa na jasho hadi karatasi ikaanza kulainika.

Sehemu ya tatu ni ya mbio. Ina kipande cha katikati kilichopoa kidogo, na kikiisha mnarudi mwanzo. Mwishoni pake pameandikwa kwa Kitaliano: da capo. Niliyaona maneno hayo, naapa niliyaona. Mwalimu akatikisa kichwa, nami nikageuza mbele.

Mbele yake sasa kulikuwa na sehemu ya nne, na vidole vyake vimeshaingia kwenye ya tatu. Hakusita. Alipiga yote kwa kichwa, macho yametulia kwenye ukurasa usiohusika, kama anayesoma gazeti la jana. Mimi nilibaki nimesimama, sijui nirudishe au nikae. Mpiga besi alinitazama kwa juu ya shingo ya besi yake, akakaza midomo asicheke.

Bahati yangu, sehemu ya nne inaanza na nyuzi peke yake, piano kimya. Mwalimu akainama, akaninong'oneza: "Kijana, kaa."

Baada ya mapumziko mpiga besi aliweka upinde kando, akaanza kudonoa nyuzi kwa vidole. Fidla, viola na selo walikuwa wameshuka, amekuja mpiga ngoma na brashi zake. Mwalimu aliweka karatasi moja tu yenye majina ya kodi, yaani nota zinazopigwa kwa pamoja.

"Nigeuze lini, mwalimu?"

"Leo hakuna tena cha kugeuza. Wewe kaa usikilize."

Wakaanza na bluzi, vipimo 12 vikizunguka na kurudi, na kila mzunguko kitu kipya juu yake. Katikati ya solo ya mwalimu nikasikia kitu ninachokijua: kile kipande cha mbio cha Schubert, kimepindwa, kimevalishwa mwendo wa bluzi. Mpiga besi akacheka waziwazi safari hii. Watu ukumbini walipiga makofi, sidhani kama walijua kwa nini.

Mwalimu akanigeukia, akatikisa kichwa. Na mimi nikainuka.