Siku yangu na damu za wagonjwa wa lupasi

Saa moja asubuhi nawasha mashine, napima sampuli za udhibiti, zile za kuhakiki mashine, zinakubali. Hadi saa nne ni sukari, mafuta na ini.

Saa nne na nusu zinaletwa damu za wagonjwa wa lupasi. Wengi hudhani sisi wa maabara tunabonyeza vitufe tu. Lakini ugonjwa huu, ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe, huweza kuingia kwenye figo bila mgonjwa kusikia maumivu yoyote. Mara nyingi sisi ndio tunaouona kwanza. Kingamwili dhidi ya DNA, yaani zinazoshambulia vinasaba vya mgonjwa mwenyewe, hupanda. C3 na C4, protini za kinga, hushuka kwa sababu zinatumika kwenye uvimbe unaoendelea figoni.

Damu ya binti mmoja ilitolewa jana mchana, ikalala mezani bila majimaji yake kutenganishwa na chembe. Ikikaa hivyo C3 huvunjika, jibu haliaminiki. Napiga simu wodini.

"Sista, samahani, naomba atolewe damu tena."

"Unajua amechomwa mara ngapi wiki hii?"

Najua, jina lake nakutana nalo kila siku. Simu inakatwa. Napiga tena, inaita mpaka inakoma. Mara ya tatu naeleza upya, polepole, na koo limenikaba, kwa sababu naye sista amechoka na ana haki ya kumhurumia mgonjwa wake. Lakini jibu la uongo lingemuumiza kuliko sindano.

Chupa mpya inafika saa tisa, sijala. Naiacha igande nusu saa, naizungusha kwenye mashine dakika kumi. C3 chini, C4 chini zaidi, kingamwili juu kuliko mwezi uliopita. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja? Ya kawaida.

Hiyo ndiyo namba ninayoiogopa. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wao kabla kreatinini haijavuka kiwango.

"Kreatinini yake nzuri," anasema daktari wa zamu, "kesho tunamruhusu."

"Daktari, naomba mkojo wake kwanza. C3 imeshuka."

Kimya. Kisha: "Haya, nautuma."

Miguu imevimba, dirishani giza limeingia. Kikopo kinakuja. Protini inayovuja kwenye mkojo inakadiriwa gramu 1.8 kwa siku, na gramu 0.5 tu hutosha kumfanya daktari afikirie kuchukua kinyama cha figo, kipimo kinachothibitisha. Napiga simu, namsomea, ananirudishia namba moja moja.

"Haondoki. Namwita mtaalamu wa figo sasa hivi."

Naandika kwenye daftari jina la aliyepokea jibu, na saa: moja na dakika ishirini.