Jambia, Sime na Barabara ya Atlanta

Mjomba alitua uwanja wa ndege wa Dulles, karibu na Washington, akitokea Muscat, jambia lake likiwa ndani ya begi la kukabidhi, limefungwa kitambaa, kisha kadibodi, kisha utepe mpana. Ndivyo inavyotakiwa. Kisu hakiruhusiwi kwenye begi la mkononi, na kilichomo kwenye begi la kukabidhi lazima kifunikwe ili mpekuzi akitia mkono asikatike. Alikuwa ameliandikia shirika la ndege mapema, akachapa jibu lao na kulilaza juu ya nguo. Afisa wa forodha alilisoma, akalitazama jambia, akauliza swali moja tu: kipini ni cha nini?

Swali hilo tulikuwa tumelizungumza sana kwenye simu. Nyumbani kwa Mjomba kuna majambia mawili. La babu, alilolivaa Unguja, lina kipini cha pembe ya kifaru, na pembe ya kifaru haichezewi mpakani. Mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umeibana tangu miaka ya 1970. Hilo likabaki Muscat. Alilokuja nalo lina kipini cha msandali na ala iliyodariziwa kwa nyuzi za fedha. Nami niliacha kabatini kisu changu chenye kipini cha pembe ya ndovu. Tangu Julai 2016 biashara ya pembe za ndovu kutoka jimbo hadi jimbo Marekani imezuiwa karibu yote, na kwenye maonyesho tuliyokuwa tunayaendea, ukumbi uliojaa wanunuzi, sikutaka hata kuulizwa bei yake.

Tulikuwa tunakwenda BLADE Show, maonyesho makubwa ya visu yanayofanyika Atlanta kila mwaka. Huo ulikuwa mwaka 2023. Kutoka kwangu Frederick, Maryland, ni kama kilomita elfu moja kwa gari. Niliviweka visu vyote kwenye sanduku gumu lenye sponji ndani na makufuli nje: jambia, sime za Kimasai na visu vyangu vya kukunja, kila kimoja ndani ya ala au kimefungwa. Sanduku likaingia kwenye buti, mabegi yakapangwa juu yake. Faili la karatasi nikaliweka mbele: picha ya kila kisu, urefu wa bapa kwa inchi, risiti na tiketi zetu za maonyesho.

Mjomba hakupendezwa. "Mbona mbali hivyo, mwanangu? Jambia mahali pake ni kiunoni."

"Mjomba, huku sheria inatazama mkono wako unafika wapi."

Hilo ndilo nililotamani kila mpenzi wa visu alielewe. Watu huuliza kisu gani ni halali, wakati katika majimbo mengi swali zito ni kimebebwaje na kimepelekwa wapi. Virginia inazitaja silaha zake kwa majina, majambia, stileto (visu vyembamba vya kuchomea) na mapanga yakiwamo, na inachokataza ni kuzificha mwilini au karibu na mwili. North Carolina nayo inakataza kulificha jambia namna hiyo, ila kisu cha kawaida cha kukunja, kikiwa kimefungwa, inakiacha. Jambia lililo kwenye buti, ndani ya sanduku lenye kufuli, halipo karibu na mkono wa mtu yeyote.

Sikupita Washington. Mji ule una sheria zake na majengo ya serikali kuu kila kona, na ndani ya majengo hayo kisu chenye bapa la inchi 2.5 au zaidi ni marufuku. Tulishuka kwa barabara namba 15, tukavuka mto Potomac pale Point of Rocks, tukaingia Virginia kwa upande wa mashamba. Kuanzia Warrenton tukaishika namba 29: Culpeper, Charlottesville, Lynchburg, Danville. Barabara nzuri, milima ya Blue Ridge iko kuliani kwako kwa muda mrefu. Mjomba alisimulia habari za Ng'ambo ya Unguja ya utotoni mwake, na kila tuliposimama kujaza mafuta mmoja wetu alibaki na gari.

North Carolina tuliipita bila kulala. Kutoa sanduku kwenye buti na kuingia nalo chumba cha hoteli usiku, katika jimbo ambalo jambia lililofichwa ni kosa, ni jambo ambalo pengine lisingemsumbua mtu, lakini kwa nini nijitie kwenye pengine? Kuliacha kwenye maegesho usiku kucha nako ni kuwaalika wezi. Upande wa South Carolina kisu hakihesabiwi silaha iliyofichwa mpaka kihusishwe na uhalifu, kwa hiyo nilipanga tulale huko, karibu na Gaffney, mji wenye tangi la maji lenye umbo la pichi kubwa linaloonekana toka barabara kuu ya 85. Sanduku likalala chumbani, kati ya vitanda viwili.

Asubuhi Mjomba alitaka kuiona Kings Mountain, uwanja wa vita vya mwaka 1780. Ni hifadhi ya taifa, na jumba lake la makumbusho ni jengo la serikali kuu. Akaenda peke yake kuangalia. Mimi nilikaa kwenye gari na buti langu lililofungwa.

Baada ya ziwa Hartwell ni Georgia, na hapo mabega yakashuka. Tangu 2017, kisu chenye bapa lisilozidi inchi 12 hakihesabiwi silaha kwenye sheria ya kubeba silaha ya jimbo hilo. Bapa la jambia halifiki huko. Anayelitazama likiwa alani hudanganyika, kwa sababu ala inapinda karibu pembe mraba, kumbe bapa ni fupi na linaishia kabla ya ala kumaliza kona. Sime zangu ni habari nyingine. Moja inapita inchi 12, ikabaki sandukuni mpaka tulipoingia ukumbini.

Mlangoni tuliuliza kwanza kama Mjomba anaweza kuingia amelivaa. Wakakubali. Akavaa kanzu nyeupe, kilemba na mkanda wake wa fedha, jambia katikati ya kiuno, akatembea baina ya meza kama mwenye nyumba. Watu walikuja bila kuitwa. Mwaka uliotangulia UNESCO ilikuwa imeuandikisha ufundi wa jambia la Oman kwenye orodha ya urithi, na wahunzi wawili watatu walikuwa na habari hiyo. Kila aliyetaka kulishika aliomba kwanza, akalipokea kwa kipini, na hakuna aliyegusa bapa kwa kidole, maana jasho huacha kutu.

Upande mmoja majaji wa American Bladesmith Society, chama cha wahunzi wa visu, walikuwa wakikagua visu vya wanaotaka daraja. Mtahiniwa huleta visu vitano, lakini kabla ya hapo hufanya jaribio la kisu kimoja: kikate kamba nene ya inchi moja inayoning'inia, kikatekate mbao, kisha bado kinyoe nywele za mkono, na mwisho kibanwe kwenye jiliwa na kupindwa digrii 90. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1976, na mwasisi wake, Bill Moran, alifua vyuma vyake katika kaunti hiyo hiyo ya Frederick ninakoishi. Mwaka 1973 ndiye aliyewaonyesha Wamarekani wenzake visu vya Damascus, yaani vya chuma cha tabaka chenye michirizi, alivyovifua mwenyewe.

Mjomba alipenda kisu kimoja chenye kipini cha pembe ya mamothi, jamaa wa ndovu aliyetoweka zamani. Kwa sheria ya serikali kuu ni halali, ingawa New York, New Jersey na California zimeipiga marufuku. Mimi nilimwambia ukweli: ukifika forodha, nani atakuamini kwamba si ndovu? Akanunua chenye kipini cha mti wa mepo, na muuzaji akaandika kwenye risiti aina ya chuma, ya mti na urefu wa bapa.

Lakini aliyetukalisha zaidi alikuwa mhunzi wa Tennessee aliyeiona sime. Aliigeuza taratibu, akapima kwa jicho linavyopanuka bapa kuelekea ncha, akaipiga kwa ukucha na kusikiliza. Akaniuliza chuma cha nini. Nikamwambia fundi wa Kajiado aliyeifua alitumia springi ya lori. Akacheka kwa furaha, akanionyesha kisu chake cha kuwindia: springi vilevile, chuma wanachokiita 5160. Tukaongea juu ya moto, mafuta ya kupozea na kwa nini wengine hupoza makali tu na kuacha mgongo laini. Akaomba kipande cha springi ya huko afue cha kwake. Nimeshamwandikia binamu yangu Kajiado amwone fundi yule, na safari hii forodha hawatakuwa na la kuuliza juu ya makali.