Nilivyoitambua santuri isiyo na jina

Kwanza tuelewane: sizungumzii feki. Santuri feki ni nakala ya ile ya dukani. Kava limeigwa, lebo imeigwa, na mnunuzi kaliwa fedha yake. Hiyo sina haja nayo. Ninazokusanya mimi ni santuri za magendo zenye muziki ambao kampuni haikuutoa: tamasha lililonaswa na mtu aliyeficha maikrofoni ndani ya koti, mazoezi ya studio yaliyovuja, wimbo uliotupwa kapuni. Kisheria zote mbili ni kosa, sitajifanya silijui hilo. Lakini ile ya kwanza inakudanganya, hii ya pili haikuambii kitu, na utamu wake uko hapo hapo. Inabidi uihoji.

Iliyonifundisha kuhoji ilikuwa ya sahani mbili ndani ya kava moja jeupe. Haikuwa na picha, wala jina la mwimbaji, wala orodha ya nyimbo. Lebo za katikati nazo zilikuwa nyeupe pe. Aliyenipa aliikuta kwenye sanduku alilonunua kwa mkupuo, akaona haimfai.

Nilianza na macho, sindano ikasubiri. Kati ya mwisho wa muziki na lebo kuna ukanda mtupu ambamo kiwanda huchonga namba zake. Nilizima taa, nikailaza tochi pembeni ili mwanga upite kwa mshazari, na maandishi yakajitokeza: herufi na tarakimu zilizokwaruzwa kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Santuri halali mara nyingi huwa na namba inayolingana na ya kwenye lebo. Hapa hapakuwa na cha kulinganisha. Angalau zilikuwa zimefuatana, kwa hiyo nikajua upande wa kwanza ni upi na wa mwisho ni upi.

Kumjua mwimbaji hakukuwa kazi. Sauti ile ya puani haina pacha: Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani, tena kijana mbichi, yeye na gitaa lake tu, na kinanda cha mdomo hapa na pale. Kuelekea mwisho akatokea Dylan mwingine kabisa, ana bendi, anaimba bila haraka kama mtu aliyeketi sebuleni kwake. Mwisho wa yote, wimbo mmoja uliosikika wazi kwamba mtu aliunasa kutoka kwenye televisheni.

Vyanzo hivyo vitatu ndivyo vilivyonipa jibu. Kanda iliyorekodiwa Minneapolis Desemba 1961, nyimbo alizozirekodi na bendi ya The Band karibu na mji wa Woodstock, New York, mwaka 1967, na kipindi cha televisheni cha mwimbaji Johnny Cash cha mwaka 1969: mchanganyiko huo ni wa Great White Wonder, iliyoibuka Los Angeles katikati ya 1969. Ndiyo inayohesabiwa kuwa santuri ya kwanza ya magendo ya muziki wa roki kujulikana. Hata jina hilo santuri yenyewe haikuwa nalo mwanzoni. Lilikuja kugongwa kwenye kava kwa mhuri wa mpira baadaye. Viwanda vilithubutu kuifyatua kwa sababu wakati ule sheria ya shirikisho ya Marekani ililinda utunzi wa wimbo, lakini rekodi yenyewe ilikuwa bado haijaguswa. Ulinzi huo ulianza kwa rekodi zilizotoka kuanzia Februari 15, 1972.

Wakusanyaji wengi wangeishia hapo na kuanza kushangilia. Shida ni kwamba magendo nayo huibiwa. Santuri ikishapata wateja, mwingine huinunua, huicheza, huinasa na kufyatua yake. Aliyeibiwa, naye mwizi, hana pa kwenda kushtaki. Kwa hiyo swali langu likawa: hii ni ya mwanzo, au ni mtoto wa mtoto?

Hapo ndipo niliposikia tiki. Ilikuwa ndogo, nyuma ya gitaa: tik, tik, tik, kwa mwendo uleule. Santuri ya 33⅓ huzunguka mara moja kwa kila sekunde 1.8, na mkwaruzo uliokatiza michirizi hulia kwa mwendo huohuo. Nikaitoa, nikaisafisha, nikaikagua mahali pale kwa kioo cha kukuzia: laini, haina hata alama. Nikairudisha. Tik, tik, tik. Mkwaruzo ule haukuwa wa santuri yangu. Ulikuwa wa mzazi wake, ukarithishwa pamoja na muziki. Yangu ilinakiliwa kutoka kwenye santuri nyingine.

Nitasema ukweli, nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kama ingekuwa ya mwanzo. Ya mwanzo ingenionyesha tu kwamba nina bahati.

Kilichobaki ni kasi. Nyimbo za gitaa zilinisumbua masikioni, sauti ilikuwa nyembamba kidogo. Nilihakikisha kwanza kwamba gramafoni yangu haina kosa kwa kucheza santuri halali ninayoijua vizuri. Kisha nikatafuta mahali penye kinanda cha mdomo. Gitaa mtu anaweza kulilegeza au kulikaza apendavyo, haliwezi kuwa shahidi. Kinanda cha mdomo kimetoka kiwandani na funguo yake, hakirekebishwi jukwaani. Nikakilinganisha na kipima sauti, na sauti zikaangukia katikati ya noti mbili, si huku si kule. Nusu toni ni kama asilimia 6 ya kasi, mimi nilikuwa nimepita kwa karibu nusu ya hapo. Nikashusha kirekebishi cha gramafoni kwa asilimia 3 na Dylan akarudi kuwa na kifua. Nikaiandika namba hiyo kwenye kikaratasi na kukitia ndani ya kava.

Kuna atakayesema muziki wenyewe sasa unapatikana kihalali, na ni kweli. Zile za 1967 zilitolewa kwa ukamilifu mwaka 2014 kwenye CD sita, safi kuliko zangu kwa mbali, nami ninazo. Nimejiwekea sharti: kikitoka rasmi, nanunua rasmi, mwenye kazi apate chake. Wenye kazi wenyewe walijifunza kitu kwa wezi hawa. Bendi ya Uingereza, The Who, walipotoa albamu ya Live at Leeds mwaka 1970 waliiga kava la magendo makusudi, karatasi gumu la kahawia lililogongwa jina kama kwa mhuri. Na bila wanaonasa sauti kwa siri, matamasha kadhaa yasingebaki kabisa. Mmoja wao, Mike Millard, aliingia ukumbi wa Forum, Inglewood, karibu na Los Angeles, miaka ya 1970 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, miguu yake mizima, kinasa sauti cha Nakamichi kimefichwa kitini. Rekodi zake za bendi ya Led Zeppelin bado zinatafutwa.

Kwa anayetaka kuanza, jambo moja la kujua mapema: Discogs, tovuti ya orodha na soko la santuri, itakuonyesha santuri hizi na namba za kwenye ule ukanda mtupu, jambo la msaada mkubwa, lakini hairuhusu ziuzwe pale. Nyingi hutembea kwa kubadilishana. Bei ya mitaani usiiamini, kwa kuwa muuzaji naye kwa kawaida hajaikagua kwa tochi.

Sasa hivi niko na nyingine, lebo tupu vilevile, tamasha. Mpiga gitaa anakatikiwa na uzi baada ya wimbo wa pili, na jamaa mmoja aliye karibu na maikrofoni anapaza jina la mji. Herufi ya kwanza naisikia vizuri, ni B. Iliyobaki anaimeza yote, na jirani yake anacheka juu yake.